Kiberiti Nilichokupa Badala ya Kaa

Zuhura, mke wangu wa makaratasi,

Usinicheke mwandiko. Shule niliiacha darasa la nne, au shule ndiyo iliyoniacha mimi, hatujaafikiana mpaka leo. Maalim wa msikiti wetu hapa Mwabungo anasema maiti hawasomi barua, nikuombee dua inatosha. Dua naomba. Lakini kuna neno nililokuficha ungali hai, na dua haikutungwa kwa ajili ya kulitolea neno kama hilo.

Nilikuita mke wangu tangu siku ya kwanza, kama babu yeyote anavyomwita mjukuu, na wewe ukanijibu mbele ya baraza zima kwamba mume asiye na meno aongeze mahari. Nikajua hapo tutaelewana.

Ulikuja na faili la buluu, kalamu umeitundika shingoni kwa uzi kama hirizi. Ulisema unafanya utafiti wa nyumba zinazolea watoto ambao wazazi wao hawapo, wanaolelewa na bibi, na shangazi, na kaka zao. Ulitaka kujua kinachowasaidia na kinachowaangusha. Mzee wa mtaa akakukabidhi kwangu nikutembeze, kwa kuwa sina kazi na mdomo wangu unaijua kila nyumba.

Asubuhi ya kwanza ulimuuliza Bi Riziki kama wiki hiyo kuna mtoto aliyelala bila kula. Akakujibu, alhamdulillahi, wote wameshiba. Mjukuu wake alikuwa pale chini analamba kifuu kikavu. Nyumba ya pili alhamdulillahi, ya tatu alhamdulillahi. Kufika adhuhuri karatasi zako zilikuwa zinasema Mwabungo ni pepo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikakwambia, mjukuu wangu, huku mtu haulizwi njaa yake na mgeni, ukimuuliza umemlazimisha aseme uongo. Ngoja alasiri.

Alasiri nikakuonyesha ufundi wangu. Nikawa nabisha hodi na sigara isiyowashwa mdomoni, naomba kaa la moto. Palipopikwa, kaa lililetwa jekundu juu ya kifuu. Pasipopikwa tukaambiwa, moto umezimika, Mzee Mwinyi, tuwie radhi. Kabla ya magharibi tulikuwa tumejua yote, nami nilikuwa nimevuta sigara kwa ajili ya elimu hata kifua kikanilaumu wiki nzima.

Nilidhani utanisifu. Wewe ukafunga faili. "Babu, ninachokijua kwa hila sikiandiki. Ninaandika ninachoambiwa."

Milango ile uliirudia peke yako, bila mimi na sigara yangu. Ukaketi jikoni na kina mama, ukawakunia nazi, siku mbili, siku tatu, mpaka wakasema wenyewe. Kisha ukawaomba ruhusa ndipo ukaandika. Bi Riziki aliniambia, yule mtoto wako ana subira ya paka mbele ya muuza samaki.

Mimi ukaniacha wa mwisho.

Ulinikuta barazani kwenye kitanda cha kamba, nikakujibu kwa mizaha kama kawaida yangu. Nani analea? Mimi, na bibi yako alikuwa akinisaidia mpaka akanichoka, akanikimbia akaenda ahera. Watoto wangapi? Mmoja, Mwanakombo, miaka kumi na mitatu, mama yake ameolewa Tanga na mume asiyetaka mtoto wa mwenziwe. Kuna mtoto wa umri wa shule asiyekwenda shule? Nikasema hakuna. Nikasema sasa hivi yuko darasani anawashinda wenziwe hesabu.

Mwanakombo alikuwa nyuma ya nyumba anasuka makuti. Makuti yakikunjwa husikika mpaka njiani, na wewe hukuwa kiziwi. Nilikuwa nimemtoa shule tangu muhula uliopita, mgongo wangu uliponishinda, ili tupate makuti ya kuwauzia wajenzi wa hoteli kule Diani. Nilimwambia ni kwa siku chache.

Uliandika. Halafu ukaniambia, "Basi nipe kaa, mume wangu." Wewe, uliyekuwa ukikimbia hata moshi wa kuni.

Jiko langu lilikuwa baridi tangu jana yake. Niliingia ndani nikasimama mbele ya mafiga, wallahi nilisimama sana, kisha nikatoka na kiberiti. Nikacheka, nikasema sisi wazee wa siku hizi tuna vitu vya kisasa. Ulikipokea kwa mikono miwili, ukakitia mkobani.

"Nimeandika ulivyoniambia, Babu. Jibu ni lako. Ukitaka kulibadilisha pia ni lako. Nitarudi Jumatano."

Jumatano hukuja. Nilikukasirikia, ujue. Nilikaa barazani tangu asubuhi nikitunga mzaha wa kukuzuia usiniulize tena. Kumbe uko Kikoneni kwa mama yako, homa imekulaza. Ijumaa tukaletewa habari.

Nilikuja kukuzika. Nilikutilia mchanga konzi tatu kwa mkono huu huu unaoandika. Tulipotoka makaburini mama yako akanivuta pembeni, nyuma ya ghala la mahindi, akanionyesha kiberiti alichokikuta mkobani mwako. Akaniuliza kwa sauti ya chini, nisimfiche, ati mwanawe alikuwa anavuta sigara? Nikamwambia kiberiti ni changu na tabia mbaya ni yangu. Akanirudishia. Nilikifungua nikiwa njiani. Hukuwasha hata njiti moja.

Sasa sikiliza yaliyotokea baadaye.

Mwezi uliopita ofisi yenu ilimleta mwenzako amalizie kazi. Msichana wa bara, jina lake Wambui. Alinisalimu, "Mzee, sasa," nami nikamwitikia marahaba ingawa hakuniamkia. Siku hizi ameshajua. Hana faili, ana kile kibao cha kupapasa kwa kidole, na majibu uliyoandika yamehamishiwa humo. Akasema kila nyumba uliiahidi kwamba itasomewa majibu yake kabla hayajapelekwa kokote. Akaketi pale pale ulipoketi wewe, akanisomea. Mtoto wa umri wa shule asiyekwenda shule: hakuna. Na pembeni, akasema, mwenzangu ameongeza maneno yake: kwa Babu nitarudi.

Nikamwomba asome tena.

Mwanakombo alikuwa ametoka nyuma kumletea mgeni maji, vidole vimechanika kwa makuti. Mtoto yule anajua kusoma hata herufi zikiwa zimempa kisogo. Aliona jina lake pale kwenye kile kibao, akaona na jibu. Hakuniangalia. Aliangalia bilauri.

Nikasema, "Futa. Andika yuko mmoja. Na aliyemtoa andika ni babu yake."

Wambui akauliza kama nina hakika. Nikamwambia jibu ni la mwenyewe, mwenzako ndivyo alivyoniambia. Nikasema yote, mgongo, Tanga, jiko la baridi, bila mzaha hata mmoja, nikachoka kama mtu aliyechimba kisima. Mwanakombo alisikiliza akiwa amesimama na sinia lake. Naye ilikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa kweli yote.

Usidhani mbingu zilifunguka. Wambui alisema wazi kuwa utafiti hauleti unga. Aliniomba ruhusa aongee na mwalimu mkuu, nikampa. Jumatatu iliyofuata Mwanakombo alirudi shule na sketi iliyomkimbia magotini, mpaka Bi Riziki akaifumua pindo akairefusha. Bi Riziki naye, habari ilipomfikia, alikuja kwangu akasimama mkono kiunoni. "Kumbe, Mzee Mwinyi! Unatuomba sisi makaa, na jiko lako limelala?" Akacheka mpaka akalia, akajifuta kwa leso, kesho yake akaleta muhogo. Baada ya hapo nyumba kadhaa zilimwita Wambui zibadilishe majibu yao, maana hata wewe kuna waliyokuficha. Makuti sasa tunayasuka alasiri, mimi na Bi Riziki na jirani mmoja. Mwanakombo tunamruhusu Jumamosi tu, na anasuka upesi kutushinda wote, anajivuna.

Lakini wewe ulikufa na uongo wangu mkobani. Huo Wambui hawezi kunifutia kwa kidole. Najiuliza, ungelikuja Jumatano ile, ningelikwambia? Nataka kuandika ndiyo. Nimeishika penseli hapa muda mrefu. Sijui, Zuhura. Huenda ningelikupa mzaha mwingine, na wewe ungelisema utarudi tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kukukosa, na kukukosa kwenyewe ni kukubwa. Hakuna anayenikaripia vizuri siku hizi.

Maalim anasema mtu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu, mojawapo mtoto mwema wa kumwombea. Wewe hukujaaliwa mtoto. Basi nikwambie, kila nikimsikia Mwanakombo anaomba baada ya sala, jina lako limo, na si mimi niliyemwagiza.

Ahadi yangu ni hii. Siku jiko langu litakapokuwa baridi, nitasema ni baridi, kwa yeyote atakayebisha hodi, hata awe Maalim mwenyewe. Na huyu mtoto simtoi tena shule, mgongo ukivunjika uvunjike.

Leo jiko halikulala. Nimewasha kuni kwa njiti ya kwanza ya kiberiti chako, muhogo uko jikoni, Mwanakombo anakoroga tui. Kaa moja nimelitoa nikaliweka juu ya kifuu, pale mlangoni uliposimama. Najua huji. Nimeliacha tu mpaka lizimike lenyewe.

Lala salama, mke wangu. Mola akupe nuru huko.

Mumeo asiye na meno,
Mwinyi