Kiti cha Renzo

Jumatatu, 5 Mei

Swali ambalo nimelibeba kwa muda mrefu ni hili: kiwanda kinapomdhamini mgeni apate kibali cha kazi, kinamleta mwalimu, au kinaahirisha kujifunza? Sasa nalazimika kulijibu. Kibali cha Renzo kinakaribia kwisha. Mkurugenzi anataka pendekezo la Rasilimali Watu, yaani langu, kabla ya mwisho wa mwezi.

Asubuhi ya kawaida. Mahudhurio. Mvua. Vigae vya sakafu vinatoka tanurini bila kasoro. Renzo, Mtaliano wetu, yuko kwenye kiti chake mbele ya paneli ya kuendeshea tanuri. Salum amesimama nyuma yake. Salum ndiye mrithi: tuliahidi katika maombi ya kibali kwamba Mtanzania atajifunza kazi ya mgeni hadi aishike. Amekuwa akisimama nyuma ya kiti kile tangu kibali cha kwanza.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejaribu kupima kwa haki.

Bila Renzo, tanuri likikorofisha hakuna wa kuliamsha. Tanuri likilala, kiwanda kizima hapa Visiga tunalala, na wanaotuchimbia udongo mweupe kule Kisarawe wanalala pia. Hiyo ni sababu nzito. Haina majivuno wala siasa.

Upande wa pili yupo Salum. Ana stashahada, ana akili, ana cheo cha msaidizi. Kila tukimdhamini Renzo tunamwambia Salum asubiri. Na lipo jambo jingine ambalo haliandikwi popote: kibali cha Renzo kimefungwa kwa jina letu. Akigombana nasi leo, kesho hana uhalali wa kuwa hapa. Hajawahi kulalamika juu ya chochote. Sijui kama ameridhika au anaogopa. Nilipolifikiria hili nilijiona kama mmiliki wa mtu. Sikupenda.

Nilimuuliza kuhusu Salum. Akajibu neno moja: "Bado." Mwaka jana pia alisema bado.

Naamini anaficha ujuzi. Mwalimu akimaliza kufundisha, kibali chake nacho kimekwisha. Ushahidi sina.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwita Salum ofisini. Nikamuuliza waziwazi kama anaweza kuliendesha tanuri peke yake.

"Naweza, madam. Ila mzee mwenyewe hajaniambia 'kaa'."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Amezaliwa kijijini Gwata, kwa wazazi wa Gwata. Kiti cha mkubwa hakikaliwi mpaka mkubwa aseme karibu. Wenzake wanamwita Mlinzi wa Kiti. "Mlinzi, leo kiti kimelala salama?" Anacheka nao. Leo nilimwona hacheki.

Nimeamua. Kesho Renzo ataenda Kisarawe kukagua udongo, kutwa nzima. Salum atabaki na tanuri. Mkurugenzi amekubali. Wahusika wenyewe sikuwaambia kwamba ni mtihani, nikijua kwamba mtu anayejua anapimwa hafanyi kama kawaida. Hoja hii ilionekana safi nilipoitoa.

Jumatano, 14 Mei

Umeme ulikatika mchana.

Jenereta lilichelewa. Mirija inayozunguka na kusukuma vigae ndani ya tanuri ikasimama. Ikisimama kwenye moto ule inapinda, kwa hiyo huzungushwa kwa mkono. Salum alilijua hilo. Akazungusha. Kisha akataka kuona kama vigae vinasogea. Akafungua kidirisha cha kuchungulia. Feni za kuvuta joto zilikuwa zimesimama, joto lilikuwa linatafuta pa kutokea. Likatokea hapo.

Mkono wa kulia, kutoka vidole hadi kiwiko. Na shingo.

Alikuwa amempigia Renzo kwanza. Mara nyingi. Kule machimboni simu hazishiki vizuri.

Nimerudi nyumbani Sofu. Sijala. Nasikia bado ile harufu.

Ijumaa, 16 Mei

Hospitali. Daktari anasema mkono utabaki, vidole viwili hana uhakika navyo.

Mama yake Salum amefika kutoka Gwata na chupa ya uji na khanga za kubadilisha. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye bosi wake?" Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kumpa mwanawe kazi kubwa siku ile. Salum alikuwa amemwambia kwa simu asubuhi ya Jumatano: "Mama, leo nimeachiwa mimi." Majirani wote walikuwa wameshaambiwa.

Sikumweleza kwa nini aliachiwa. Nilishindwa.

Jumanne, 20 Mei

Renzo amekuja ofisini bila kuitwa. Kiswahili chake ni cha kiwandani, lakini leo kilimtosha.

Anasema kila umeme ulipokatika alimsukuma Salum pembeni, kwa sababu hapo ndipo mtu huungua. Ndivyo alivyomkinga. Hakumbuki kama aliwahi kumwambia habari ya kidirisha. Alidhani Salum anaona mwenyewe.

Nikamuuliza mbona hakumkalisha kitini hata siku moja. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa Kiswahili.

"Mimi nikiwa kijana, fundi wangu ameenda kuvuta sigara, mimi nimekaa. Amerudi, amenipiga kofi. Kesho nimekaa tena. Salum hakai. Nikasema, huyu hataki kazi. Kwa hiyo bado."

Mmoja alisubiri kukaribishwa. Mwingine alisubiri kunyang'anywa. Nami niko hapa ghorofani nimesomea tabia za watu chuo kikuu, napita nyuma yao kila asubuhi na karatasi ya mahudhurio, naona mmoja amekaa na mwingine amesimama, nahitimisha kwamba mgeni ni mchoyo.

Lakini hata maelezo yake siyaamini yote. Mtu anaweza kuwa mkweli na bado akawa amenufaika. Sijui. Nimechoka kutojua.

Alhamisi, 29 Mei

Nimetia sahihi. Nimependekeza Renzo adhaminiwe tena.

Maombi ya kibali yanataka sababu za kumhitaji mgeni. Safari hii sikuumiza kichwa: Mtanzania aliyeandaliwa ameumia kazini. Ni kweli. Hakuna ofisa atakayeihoji. Sababu imekamilika, na niliyeikamilisha ni mimi.

Mkurugenzi kaisoma, akasema nimeandika vizuri. Nilimweleza kwamba mtihani ulikuwa wazo langu na kwamba naomba hilo liandikwe pia kwenye taarifa ya ajali. Akasema tusikuze mambo. Nikaliandika mwenyewe kwenye taarifa na kuipeleka. Sijisikii nafuu.

Jumatatu, 23 Juni

Mvua zimekwisha. Vumbi jeupe la malori ya Kisarawe limerudi kwenye madirisha.

Kibali cha Renzo kimetoka. Salum naye amerudi, kazi nyepesi. Vidole viwili havikunji. Mlangoni wenzake hawakujua waseme nini, hadi mmoja akajitosa: "Mlinzi, kiti kilikuwa na upweke." Wakacheka kidogo. Salum pia.

Nilipita na mahudhurio. Renzo alikuwa amesimama. Salum amekaa kitini, mgongo umenyooka mno, kama mgeni sebuleni, anabonyeza kwa mkono wa kushoto. Renzo nyuma yake ananyoosha kidole, anasema kitu kuhusu feni. Anarudia. Anarudia tena.

Sikusimama. Niliogopa Salum akiniona atanyanyuka.

Swali la tarehe tano bado halijajibiwa. Tungemwacha Renzo aende, huenda Salum angekalia kiti hicho mwezi huu akiwa na vidole vyote, au angekufa humo. Tungemdhamini bila kunuia kuwapima, huenda Salum angeendelea kusimama hadi uzeeni. Siwezi kusema kipi, kwa sababu wa kuulizwa walikuwa wawili na mimi nikaenda kuliuliza tanuri. Na hata sasa sijui kama Renzo amesimama kwa sababu anafundisha, au kwa sababu kila akiuona mkono ule hawezi kukaa.

Saa nne umeme ulikatika kidogo, ukarudi. Salum hakutoka kitini.