Kibao Nilichomvika Bhoke

Mama yangu,

Shikamoo. Je, mguu umepoa? Unakwenda kisomo cha watu wazima bila fimbo sasa? Mjomba Mwita ameniambia unasoma mwenyewe, kwa hiyo nimeandika kwa herufi zisizoshikana, na nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi, asimpe mtu akusomee. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua zimenyesha vizuri.

Mama, katika barua tatu zilizopita nilikuambia mdogo wangu Bhoke anaendelea vizuri. Nilikudanganya.

Unakumbuka siku niliyokuja kumchukua. Ulikuwa unapepeta mtama, nami nikasema, "Shule yenu hapa Susuni ni jembe tu. Asubuhi shamba la shule, mchana bustani. Kule kwetu mtoto anasoma kwa Kiingereza." Ukaniuliza, "Na hesabu zake? Mwalimu Mkuu anasema hana mwenzake." Nikacheka. Bhoke alikuwa amemaliza darasa la sita. Nikamwandikia Mwalimu Mkuu kwamba amehama, jina lake likafutwa.

Tulipofika huku Kenya, mkuu wa shule yetu alimuuliza maswali mawili kwa Kiingereza. Bhoke akatazama miguu yake. Akapelekwa darasa la nne, msichana mrefu vile, magoti yanagonga dawati. Mwalimu wa darasa hilo ni mimi.

Hapa shuleni kuna kibao cha mti chenye kamba. Mtoto akisikika akisema Kiswahili au Kikurya, anavishwa shingoni. Hakivui mpaka amkamate mwenzake akikosea kama yeye, amvishe. Mimi sikukitunga, lakini mimi ndiye ninayekitunza, na kila jioni naandika kimelala kwa nani.

Sasa nikueleze habari ya redio. Shule ilinunua redio kwa ajili ya masomo ya Kiingereza kutoka Nairobi. Kazi yangu ni kuandika maneno magumu ubaoni kabla ya kipindi, kisha kuiwasha. Jumanne moja nilitafuta stesheni, nikaangukia Dar es Salaam. Ilikuwa hesabu ya darasa la saba, kwa Kiswahili. Mtangazaji anauliza swali, ananyamaza kidogo ili wanafunzi wajibu.

Bhoke akajibu kutoka nyuma, kwa sauti. Mtangazaji akatoa jibu lile lile. Swali la pili, hivyo hivyo. La tatu alijibu akiwa amesimama. Mama, tangu aje nilikuwa sijamwona akitabasamu darasani.

Mtoto mmoja akasema, kwa Kiingereza, "Mwalimu, Ujamaa anaongea." Hilo ndilo jina wanalomwita. Darasa likacheka. Mkuu wa shule akachungulia dirishani, akaniambia, "Mwalimu Marwa, redio hii tulinunua ya Kiingereza. Au umetufungulia tawi la chama cha kwenu?"

Nilipaswa kusema, "Huyu ni dada yangu, na majibu yake ni sahihi." Nikazima redio. Nikachukua kibao, nikamvika mbele ya wote.

Katika shajara yangu siku hiyo niliandika mstari mmoja: "Redio ina hitilafu ya stesheni. Kibao: Bhoke." Nimeusoma tena mara nyingi.

Alikaa nacho hadi Ijumaa. Wenzake walimsogelea wakisema Kikurya kwa makusudi, wakimtania awakamate. Hakumkamata hata mmoja.

Nilikivua mwenyewe, nikadhani yamekwisha. Lakini nyumbani pia alikuwa ameacha kusema. Chumvi anaionyesha kwa kidole. Nikimwita, anakuja na kusimama. Nilifikiri ni hasira. Jumapili tukiwa tunakula, nikamuuliza kwa Kikurya, "Bhoke, unataka kurudi kwa Mama?" Akatazama mlango kwanza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nikijibu kwa Kikurya, utanivika?"

Sikuweza kumalizia ugali.

Jumamosi nitamleta hadi mpakani, Sirari, Mjomba atampokea pale. Tafadhali, kabla hajafika, nenda kwa Mwalimu Mkuu na karatasi iliyokunjwa humu ndani. Nimemwomba amrudishe, afanye mtihani wa darasa la saba mwaka huu huu. Nimekiri kwamba mtoto hakuomba kuhama, niliomba mimi. Akikataa kwa sababu ya majivuno yangu, mwambie nitakuja kusimama mbele ya wanafunzi wake nikiri tena. Sijui kama atakubali. Na kama hatakubali, Bhoke atakuwa amepoteza mwaka kwa mkono wangu.

Msalimie Shangazi Robi anayekuchotea maji, na Baba Mdogo Chacha anayeangalia ng'ombe. Alinikataza kumchukua, nikamwona mshamba. Mwambie nimekumbuka maneno yake.

Bhoke akifika akikaa kimya, usidhani ndiyo adabu aliyojifunza huku. Mwite kwa Kikurya, Mama, umwite tena, mpaka aitike.

Ni mimi mwanao niliyekosa,
Marwa