Normand Veilleux: Shira ya Mwisho Uliyoichemsha

Mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako uliposimama nawe ukiwa njiani kwenda kukusanya maji matamu ya miti, yale tunayoyachemsha kuwa shira. Ndoo zilikuwa zimejaa pomoni. Siku za mazishi hakuna aliyezikumbuka, zikafurika na kumwagikia theluji. Mama aliziona kutoka dirishani akasema, "Mwambieni Normand zinamwagika." Kisha akakumbuka.

Ulikuwa fundi wa kuezeka paa, mtu wa kutegemewa, ila theluji ikianza kulegea hukupatikana. Wateja waliambiwa una mafua. Ulitoboa miti kwa keekee ya babu, ile ya kuzungusha kwa mkono, na kwanza ulipapasa gamba kutafuta kovu la mwaka uliopita, ili usiuumize mti mahali pamoja mara mbili. Juu ya karai la kuchemshia ulining'iniza kipande cha mafuta ya nguruwe. Povu likipanda likayagusa, linatulia. "Na mimi mama yenu ndiye mafuta yangu," ulizoea kusema, naye akikurushia kitambaa cha vyombo.

Upawa wa kwanza wa shira iliyoiva haukuwa wa mtoto wala mgeni. Uliumimina kwenye theluji safi mlangoni pa kibanda cha kuchemshia, ulipoganda kama peremende ukauzungusha kwenye kijiti ukampa Mama. Sisi tulilalamika weee, nawe hukutusikiliza.

"Subirini. Mama yenu kwanza."

Ulipoondoka, Mama alifunga kibanda cha kuchemshia, ufunguo akautia mfukoni mwa aproni. Mwezi wa tatu uliporudi, usiku baridi kali, mchana jua, mwanao Yvon akamfuata jikoni.

"Mama, miti imeanza kutoa maji. Nikatoboe?"

"Usiiguse."

"Machipukizi yakitoka maji yatakuwa machungu, unajua mwenyewe."

"Basi yawe machungu. Kwani mimi nina utamu gani?"

Alichokitaka ni chupa moja tu ya shira, ya mwisho uliyoifunga kwa mikono yako. Hakuruhusu ifunguliwe. Kila Jumapili akitoka misani aliifuta vumbi na kuirudisha kabatini. Jumapili moja akaona kitu cheupe kimetanda juu ya shira: ukungu. Alikaa sakafuni akalia kuliko alivyolia makaburini.

"Hata hii nayo inaniozea," alisema.

Baba mdogo Clément, ndugu yako asiyejua kunong'ona, alikuwa mezani na kahawa yake.

"Shemeji, Normand angekucheka. Huo unaenguliwa, shira inachemshwa tena, inaliwa. Si maiti hiyo!"

Binti yako Maryse alimkanyaga mguu chini ya meza. Mama akaingiza mkono mfukoni mwa aproni na kutoa ufunguo.

Alikoka moto mwenyewe, Baba, hakutaka msaada. Akaengua ukungu, akachemsha shira yako mpaka ikawa nzito, na machozi yalipomdondoka hakuyafuta. Halafu akatoka na kuimimina yote kwenye theluji mlangoni, mstari mrefu wa rangi ya kahawia, akachomeka kijiti kando yake. Wajukuu zako wakakimbilia.

"Subirini," alisema. "Babu yenu kwanza."

Tulisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna aliyeinama kuichukua. Hata Clément alinyamaza, jambo ambalo wewe usingeliamini.

Ndipo Mama akamgeukia Yvon. "Kalete keekee ya baba yako. Na upapase kovu kwanza."

Unakumbukwa na mkeo Huguette, ambaye bado anatandika upande wako wa kitanda. Nasi wanao, Maryse na Yvon. Ndugu yako Clément. Wajukuu zako, na majirani wote waliowahi kuambiwa una mafua. Tumekukosa sana, Baba. Kila theluji itakapolegea, upawa wa kwanza ni wako.