Jasho la Mama Seleyian

Jumapili, 12 Januari 2025
Leo tena. Katikati ya maombi joto likanipanda kutoka kifuani, jasho likatiririka mpaka miwani ikateleza. Pasta Waweru akanyamazisha kwaya. Akasema neema imenishukia! Sasa mimi, Resian, mama yake Seleyian, wa kupanga mafaili ofisini Kajiado, ndiye kiongozi wa maombezi. Mume wangu Nelson alitoka nje kucheka. Yeye ndiye anayelala na hilo jasho. Lakini cheo nimekipenda, sitajidanganya.

Jumanne, 21 Januari
Kliniki, Kitengela. Daktari Kamene kaniuliza mengi – matiti, presha, damu kuganda, hedhi ya mwisho lini. Miezi kumi na minne. Basi imekoma, akasema, na kuna homoni za kupunguza hilo joto: plasta ndogo ya kubandika chini ya kitovu mara mbili kwa wiki, na kidonge cha kulinda mji wa mimba. Wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa. Na cheo changu je?

Alhamisi, 20 Februari
Shuka kavu! Nelson amerudi kitandani, alikuwa amehamia kwa kochi. Asubuhi nimevaa sweta kwenda kazini. Sweta!

Jumapili, 2 Machi
Niliomba dakika ishirini, mkavu kabisa. Hakuna aliyelia. Mama Njogu, mwenyekiti wa akina mama, alinitazama kuanzia kichwa hadi viatu. Mlangoni akasema, "Mama Seleyian, leo hukuloa." Pasta naye anataka nieleze wiki ijayo, mbele ya wote. Nimefikiria kujinyunyizia maji ya chupa. Aibu.

Jumapili, 9 Machi
Naandika chooni kanisani, daftari kwa goti. Mama Njogu alinifuata huku, akafunga mlango. Nikajua cheo kimekwenda. Akavua kitambaa cha kichwa – kimeloa chapachapa.

"Miaka mitatu niko hivi. Ulifanya nini? Na usiniambie ni maombi."

Nikamwonyesha plasta. Akanyoosha mkono, nimpe moja. Nikakataa: lazima apimwe kwanza, kesho nitampeleka mwenyewe kwa Kamene.

"Na hawa wengine?" akauliza.

Pasta ananiita kwa maiki, mara ya pili sasa. Mama Njogu ameshika kitasa, ananingoja. Kupitia kidirisha naona akina mama wanajipepea kwa bahasha za sadaka. Tisa. Nahesabu tena – kumi, pamoja na mke wa pasta.