Siku Niliyokula Tambuu ya Posa

Kilwa Kivinje, Alhamisi jioni, mwezi wa Mfungo Sita. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha, na mji wote unanukia udongo. Nimekaa ukumbini, meno mekundu, koo linawaka chokaa, na mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Leo nimesema mbele ya watu!

Mimi Mfaume, fundi cherehani, ambaye mteja akinikazia macho wakati wa kumpima najichoma sindano. Jamani, acha nianze mwanzo, maana nikifurahi maneno yangu hupandana.

Mdogo wangu Saidi anampenda Somoe, binti wa Mzee Mkumba. Hao ni Wamatumbi wa Kipatimu, walioshuka hapa mjini baada ya vita, njaa ilipowafukuza milimani. Mzee Mkumba ni mtu wa maneno. Washenga wa kwanza waliokuja kumposa binti huyo aliwarudisha, na kijana wao wala hakuwa na ila. Msemaji wao alibwabwaja tu, basi. Mzee akasema hawezi kumtoa mtoto wake kwa watu wasiojua kuomba.

Kwetu msemaji alikuwa baba mdogo, na vita vilimchukua. Nimebaki mimi. Nikiharibu, Saidi anamkosa Somoe, na sijui nitamtazamaje tena.

Nami si haya peke yake iliyonifunga. Tangu vita tumejifunza kunyamaza. Wanaume wakiketi pamoja, askari anasimama kuuliza mnasema nini. Neno moja lilitosha kumfikisha mtu bomani, na wengine hawakurudi. Mdomo ukishazoea kufungwa, kuufungua ni kazi.

Shangazi yangu, Bi Tatu, hakutaka kusikia hadithi hizo. "Ulimi hauna mfupa," akaniambia. "Huo wako umeingiwa na nini?" Akaniita uani, akaweka mtama kinuni, akashika mchi. Akataka nisimame pale niseme posa yote, bila kupiga kelele, na yeye asikie kila neno huku anatwanga.

Nilimwaga maneno kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Hakusikia hata moja. Jirani yetu aliyekuwa akichambua mchicha alicheka mpaka akashika kiuno.

Hapo ndipo somo lilipoanza. Sema mchi ukiwa juu. Ukishuka, nyamaza. Neno fupi, mchi unalia tu! Neno jingine, tu! Mtazame mtu usoni, usitazame vidole vya miguu yako kana kwamba vimepotea. Anza na heri zao, haja yako ije nyuma. Ukikwama meza mate, usijaze pengo kwa "yaani, yaani". Mtama ukawa unga, nami nikaanza kuwa mtu.

Leo basi tumekwenda, baada ya sala ya adhuhuri. Shangazi akapita uani kwa wanawake, mimi nikaingia ukumbini kwa wanaume. Sinia ya majani ya tambuu tukaiweka katikati, na kokwa za popoo na chokaa ya kutafunia, imefunikwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Ada inajulikana: mshenga anasema kwanza, na baba wa binti akiridhika anachukua tambuu. Asipochukua, mnabeba sinia yenu mnarudi kwenu.

Zamu yangu. Mzee Mkumba ananitazama. Na mikono yangu hii, isiyozoea kukaa bure, ikafunua kitambaa. Ikachukua jani, ikapaka chokaa, ikatia popoo, ikakunja vizuri kabisa, ikapeleka mdomoni.

Nimekula posa.

Nilizinduka nikiwa tayari natafuna. Kutema siwezi, kumeza naogopa, na kusema hata kidogo! Mtani wao mmoja, aliyekaa karibu na mlango, akapaza sauti: "Loo! Mshenga amejikubalia mwenyewe! Mleteeni kanga tumfunike!" Watu wakaangua kicheko. Mzee Mkumba peke yake hakucheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona ndugu yangu anakosa mke kwa jani moja.

Ndipo nikasikia kutoka uani: tu! Kisha kimya. Kisha tu! Polepole, vilevile kama nilivyofundishwa.

Nikameza kila kitu, chokaa na yote. Machozi yakanitoka. Nikangoja mchi upande.

"Wazee wangu, shikamooni." Tu! "Mmetoka mbali, mmepita vita na njaa, na nyumba yenu bado ina taa." Tu! "Nasi tulikuwa na msemaji, vita vikamlaza." Tu! "Amebaki huyu anayekula tambuu zenu." Tu! "Mimi nasitasita, wazee wangu, lakini haja yetu haisiti. Tunaomba mtoto wetu awe mtoto wenu."

Yale ya mwisho sikuyapanga. Yalikuja yenyewe, moja moja, na kila nilipofika kwenye kimya sikukiogopa. Nilipomtaja baba mdogo sauti ilitaka kunikatika. Nikangoja mchi ushuke, nikaendelea. Hata yule mtani alitulia akasikiliza.

Mzee Mkumba akaivuta sinia. Akachagua jani taratibu, mzee yule, kama ana siku nzima. Akasema, "Marahaba. Nami nile basi, kabla hujazimaliza."

Vigelegele! Vilitoka uani vikajaza nyumba, na mtani akanikumbatia hadi kofia ikanidondoka. Sijafurahi namna hii tangu kabla ya vita. Naandika tena nijiamini: sijafurahi namna hii tangu kabla ya vita.

Njiani nilimshukuru Shangazi kwa kunitwangia. Akasimama katikati ya barabara akanishangaa. Yeye? Alikuwa mgeni, ameketi mkekani, nani angempa mchi? Kicheko cha wanaume kilipowafikia, alimnong'oneza Somoe tu jinsi nilivyojifunza kusema. Binti akainuka, akaweka kinu karibu na dirisha la ukumbi, akashika mchi.

Nikauliza alikuwa anatwanga nini.

Hakuna, Shangazi akasema. Kinu kilikuwa kitupu.

Wakati wa njaa vinu vyote vya hapa vilinyamaza, kwa kuwa havikuwa na kitu ndani. Ukipita mtaani usingesikia mchi hata mmoja. Leo kinu kitupu kimelia, na nyumba mbili zimecheka.

Saidi bado anaimba huko nje, vibaya mno, na hakuna anayemkataza. Kesho nikiamka namkatia kanzu ya harusi. Ila kuna jambo nitalala nalo kifuani. Mimi nilikuwa ukumbini namwomba Somoe kwa baba yake, na yeye uani, kila nilipotaja neno, alikuwa ananiitikia. Sasa leo nani amemposa nani?