Wifi, Jumamosi Tunakimbia Wawili Wawili

Wifi yangu mpendwa,

Nimekimaliza! Kile kilima cha Menengai kilichokuwa kikitutoa ulimi nje, leo asubuhi nimekipanda mbio kutoka chini mpaka juu, sikutembea hata kidogo. Nilipofika juu nikapiga vigelegele peke yangu, ng'ombe wa watu wakaacha nyasi wakanikodolea macho. Mimi huyu, mwenye miaka hamsini na ushee na goti linalolia kama mlango! Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Nikatoa simu, nikairudisha mfukoni. Kwa simu siku hizi tunaongea habari za mvua, tunamaliza. Kwa hivyo nakuandikia, tena wazi, asome anayetaka.

Unakumbuka tulivyoanza? Daktari alinipima presha akatikisa kichwa, nawe ukaniambia pale pale nje ya kliniki: "Wifi, siwezi kukuacha ufe ndugu yangu abaki kupika ugali mbichi. Kesho tunakimbia." Jim ya mjini tulipouliza bei tulitoka tukicheka mpaka getini. Raba tukaenda kuchagua kwa mitumba, na wewe kwa ubishi wako ukachukua zile zilizong'aa kuliko zote. Kumbe ni za wanariadha wa uwanjani, zina misumari chini! Ulipita nazo kwenye lami kwa-kwa-kwa, kama mbuzi juu ya mabati. Fundi wa viatu alizing'oa misumari huku akijiuma mdomo asicheke, na ukazivaa hizo hizo mpaka zikaisha.

Na ile aibu, jamani! Huku kwetu mwanamke mzima akionekana anakimbia, lazima aulizwe ni kwa nani kumeungua. Ndipo ukaja na ujanja wa mtungi wa maziwa. Tukipita kwa majirani wa Kiamunyi tunaubeba, tunatembea haraka haraka kama watu waliochelewa kupeleka maziwa. Tukishapita nyumba ya mwisho tunauficha kwenye ua, halafu mbio! Ng'ombe wenyewe hatukuwa nao. Jirani mmoja alituagiza maziwa, ukamjibu bila kupepesa macho kwamba ndama bado ananyonya.

Lakini ya mtaa wa Kaptembwo ndiyo itaniua kwa kicheko. Tulikuwa tumezoea, tukasema leo twende mbali. Tukaingia pale asubuhi watu wakienda vibarua, tukikata mbio bila mtungi. Nyuma nikasikia vishindo. Kugeuka, watu kibao wanatufuata, mama mmoja ameshika beseni, leso inapepea!

"Mathe, ni unga inapeanwa?" akaniuliza akihema.

"Hakuna unga, tunapunguza presha!" ukamjibu.

"Woi! Si mngesema mapema!"

Wengine walitutukana, lakini yule mama alicheka, akaweka beseni kichwani, akakimbia nasi mpaka barabara kubwa. Tulifika nyumbani hatuna mbavu. Ndugu yako alikuwa amepika uji wa wimbi, akatuuliza kutoka jikoni kama mabingwa wake wamerudi. Alipenda sana kutuita mabingwa. Nafikiri zile asubuhi ndizo nilizokuwa na furaha zaidi maishani mwangu, na sikujua.

Halafu yeye ndiye aliyetangulia, ambaye hakuwa na presha wala sukari. Tukamzika. Wewe ukapata kazi ya kupikia wafanyakazi kwenye kambi ya mitambo ya stima kule Olkaria, ukaenda, na sikukulaumu, kazi ni kazi. Lakini mwezi uliopita ulinipigia ukaniita kwa jina la mwanangu, "Mama Brayo."

Mama Brayo! Wanaoniita hivyo ni muuza mboga na mwenye duka. Miaka yote hiyo hukuwahi kuniita jina lingine ila wifi, hata ukiwa umenikasirikia. Liliniuma, nakwambia ukweli. Nimejiuliza kama uliyasikia yale maneno ya matangani, kwamba aliyetuunganisha ameshaenda na sasa kila mtu ashike njia yake. Nimeogopa kukuuliza, maana ungeniambia ndiyo ningefanya nini?

Sasa sikia. Kanisa letu linaezeka paa upya, na Jumamosi kuna mbio za kuchangisha pesa. Watu wanakimbia wawili wawili, na sharti ni wawe wa familia moja. Watu wamechangamka, wewe! Kuna baba na binti yake, kuna mapacha wenye mvi, na mke wa mchungaji anafanya mazoezi na mama mkwe wake ili watushinde. Nilienda kutuandikisha. Katibu akanitazama kwa huruma.

"Mama, utakimbia na nani? Watoto si wako Nairobi?"

"Na wifi yangu."

"Lakini mzee si alishapumzika?"

Nikamwambia, "Nimezika mume. Wifi sijazika."

Wifi, akashika kalamu, akatuandika. Nikatoka pale, nikakimbia mpaka nyumbani na viatu vya kanisani. Nadhani ni hayo maneno yaliyonipandisha kile kilima leo. Nilikuwa nayarudia kila hatua.

Kwa hivyo njoo. Omba ruhusa Ijumaa, ulale hapa. Kama umenenepa kwa vyakula vya kambini tutacheka, kama magoti yamekataa tutatembea, mke wa mchungaji atushinde na mama mkwe wake, haidhuru! Mimi nataka tu watu watuone barabarani tukiwa wawili. Na ukifika usinisimamie mlangoni ukipiga hodi kama mgeni. Sukuma mlango uingie, hapa ni kwenu.

Mimi,
Wifi yako