Nimekata Salamu za Baba Mkwe

Mpendwa Shangazi Teresia, naomba msaada haraka kabla posa yangu haijaota mbawa. Mimi ni binti ninayefanya kazi kwenye duka la intaneti hapa Mikumi, wazazi wangu wako Ulaya, Ulaya hii ya Kilosa na siyo ile ya kupanda ndege, na nina mchumba anayeitwa Bonifas ambaye baba yake, Mzee Lupakisyo, ni mwenyekiti wa kikundi cha watu waliozaliwa kwenye kambi za manamba wa shamba moja la katani lililokufa zamani, na tangu mambo ya kubinafsisha mashamba yaanze wamekuwa wakipigania wasihamishwe pale walipozikwa baba zao.

Kikundi kiliniomba niwatengenezee tovuti ya kuhifadhi sauti za wazee wakieleza nani aliishi kambi ipi na makaburi yako wapi, ili hata asiyejua kusoma aweze kusikiliza, nami nikakubali kwa moyo mmoja kwa sababu kazi hiyo naipenda na mkwe nilikuwa namtaka, nikazunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, nikarudi na kaseti tele, lakini Shangazi, wazee wale wakianza kusalimia hawamalizi! Mzee Lupakisyo peke yake anaamkia wakubwa, anaitikia wadogo, anauliza habari za nyumbani, za shamba na za wagonjwa, anatoa pole kwa waliofiwa, anajitaja jina, anamtaja baba yake aliyetoka Tukuyu, anataja kambi yao, ndipo anaanza kusema, na intaneti yetu ni ya kupitia simu, inavuta sauti kidogo kidogo hadi mteja anasinzia, basi nikakata salamu zote za wazee wote, nikaacha maneno ya maana tu, na juu kabisa nikaweka picha nzuri ya mkonge unaozunguka.

Siku ya uzinduzi watu walijaa kwenye ofisi ya kikundi, nikabonyeza, sauti ya Mzee ikatoka: "Kambi ya pili ilikuwa ng'ambo ya reli." Mzee akasimama, akasema, "Binti, sauti ni yangu, lakini huyo si mimi. Mimi niingie kwa watu wa dunia nzima bila hodi, bila shikamoo, kama mlevi? Itoe." Wazee wengine nao wakasema zao zitolewe, na hata Bibi Mwanakheri, ambaye haoni na ndiye tuliyemfikiria kuliko wote, alilalamika kwamba anasikia watu wanasema tu na hajui nani ni nani, ingawa nilimweleza vizuri kwamba majina yameandikwa chini ya picha. Jioni Bonifas akaja na uso umemshuka, akaniambia baba yake amesema mshenga hatoki. Shangazi, nimekosa nini hasa? Nilitaka kurahisisha mambo. Kaseti zenyewe bado ziko kabatini. Nisubiri Mzee apoe, au nimwandikie barua ya kuomba radhi?

Yunis, Mikumi

SHANGAZI TERESIA ANAJIBU

Marahaba, Yunis. Najua hujaniamkia, umeingia na shida yako mkononi na viatu miguuni, lakini nimeona nikuitikie hivyo hivyo.

Pole, mwanangu. Kumuudhi baba wa mtu unayempenda, tena mbele ya kadamnasi, si jambo jepesi. Nimekuonea huruma kweli, ingawa nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Sasa nikugombeze. Unasema intaneti ni nzito, halafu unatupa salamu za wazee na kuweka mkonge unaozunguka! Unazunguka kwenda wapi? Nani aliuomba? Uondoe leo.

Halafu isome tena barua yako mwenyewe. Bibi Mwanakheri amekwambia hajui nani ni nani, nawe mtu asiyeona unamjibu kwamba majina yameandikwa. Yunis! Majina alikuwa anayapata kwenye salamu. Mle ndimo mzee anamojitaja, anamtaja baba yake, anataja kambi. Kikundi kinataka watu wajue nani ni wa wapi, na wewe hilo hasa ndilo umelikata, ukabakiza ng'ambo ya reli. Nia yako siilaumu. Nalaumu haraka zako.

Barua usiandike. Mtu amekasirika kwa kunyimwa salamu, wewe utamtumia karatasi? Na usisubiri apoe. Wakwe wa namna hiyo hawapoi, wanachacha. Fungua kabati, urudishe salamu zote. Kama sauti ni nzito, igawe vipande: kambi kivyake, makaburi kivyake, msikilizaji avute kimoja kimoja kadiri simu inavyoruhusu, lakini cha kwanza kiwe salamu. Kisha mkalishe Bibi Mwanakheri asikilize kabla ya mtu mwingine yeyote. Akimtambua kila mmoja bila kukuuliza, umemaliza. Akikwama, bado una kazi.

Baada ya hapo nenda naye kwa Mzee. Piga hodi, subiri. Amkia. Akikuuliza habari za mifugo jibu, hata kama kwenu hakuna kuku. Tovuti usiitaje mpaka akuulize kilichokuleta, na hapo useme, "Baba, nilikosa adabu, nisamehe," kisha ufunge mdomo. Habari za intaneti ya simu baki nazo. Akishalainika, mwombe arekodi salamu moja ya mlangoni, ya kumpokea kila atakayefungua tovuti, ndefu kadiri apendavyo. Mzee akikubali kukaribisha wageni wa dunia nzima kwenye kazi ya mikono yako, huyo mshenga atamzuia kwa sababu gani?

Nami sasa nisikilize. Mpelekee Bibi Mwanakheri shikamoo yangu. Mwambie imetoka kwa Teresia binti Cornel, mzaliwa wa Kilosa, ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli, anamuuliza hali yake, na ya wajukuu, na ya wagonjwa wote, na anampa pole kwa aliowazika. Mfikishie yote kama nilivyoisema. Usiikate.